Jina Kubwa Haliangushi Mbogo

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji walioyaomba.)

Jioni moja juma hili nilikaa kwenye baraza la kahawa hapa Chumbageni nikitegemea kusikia habari za Coastal Union na bei ya dagaa. Nikakuta watu wanabishana juu ya risasi. Kijana mmoja, aliyewahi kuwa dereva wa kampuni ya uwindaji huko kusini, alikuwa akiapa kwamba hakuna bunduki kama ya mgeni wake mmoja Mmarekani, ya .300 Winchester Magnum, maana risasi yake inakimbia kuliko zote na jina lenyewe ni "Magnum". Mbele yake alikaa mzee mmoja, bwana nyama mstaafu, kashika kikombe chake. Alimwacha amalize, kisha akamwuliza, "Mwanangu, huyo mgeni wako alipiga nini?"

"Pofu, mzee."

"Basi bunduki yake ilikuwa ya haki. Angekuwa mbogo, wewe usingekuwa hapa unakunywa kahawa yangu."

Watu wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani na swali, kwa sababu hata sisi wa mjini tunaosoma magazeti hudhani kwamba risasi ni risasi, na yenye jina kubwa ndiyo inayoua.

Tuanze na maneno. Lugha yetu ina ufukara kidogo hapa: madini ni risasi, kinachotoka mtutuni ni risasi, na kitu kizima kinachouzwa dukani nacho ni risasi. Leo nitatenganisha. Kitu kizima kina ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni, baruti tumboni na kichwa mdomoni. Ukifyatua, pini ya bunduki inagonga fataki, cheche inaingia kwenye baruti, baruti inageuka gesi, na gesi inasukuma kichwa. Ganda linabaki nyuma, nasi tutalirudia.

Neno "magnum" ni la Kilatini, maana yake kubwa. Waingereza waliliazima kwenye chupa za mvinyo, ile chupa moja inayobeba kiasi cha mbili. Kwenye risasi linakuambia kwamba ganda lina tumbo kubwa kuliko kawaida, linabeba baruti nyingi. Halikuambii kichwa kina uzito gani wala kimetengenezwa vipi, na kinachoingia mwilini mwa mnyama ni kichwa.

Vichwa hupimwa kwa greni, kipimo cha kale cha punje ya nafaka, ambayo ni kama gramu 0.065. Ile .300 ya kijana wetu, iliyotolewa na Winchester mwaka 1963, kwa kawaida hurusha kichwa cha greni 180, karibu gramu 12, kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde. Ile .375 H&H Magnum ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912, hurusha greni 300, gramu 19 na ushei, kwa mita kama 770. Na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 hurusha greni 500, zaidi ya gramu 32, kwa mita kama 640 hivi. Kwa mbio, kijana ameshinda. Kwa pofu au kongoni aliyesimama mbali uwandani ameshinda pia, maana risasi yake inakwenda karibu na mstari ulionyooka.

Lakini mbogo dume ana uzito wa kilo mia sita na zaidi, ngozi nene iliyokandikwa tope na mfupa wa bega mbele ya moyo. Kichwa chepesi na laini kikigonga mfupa huo kwa kasi ya mita 900, kasi yenyewe inakiharibu: kinachanua na kupasuka kabla hakijafika ndani. Kichwa kizito, kirefu na chenye ganda gumu kinakwenda polepole zaidi, ila kinafika. Ndiyo maana kanuni za uwindaji hapa nchini zinataka .375 iwe ya chini kabisa kwa mbogo na tembo.

Mzee alitoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kilichobapa kama kifungo cha shati. Alisimulia kwamba miaka ya sabini, upande wa Handeni, mwindaji mmoja ambaye hakumtaja alimpiga mbogo begani kwa bunduki ndogo ya kasi, akamwona amekimbilia kichakani, jua likazama, naye akarudi mjini. Hakumwambia mtu. Siku ya pili mama mmoja alikwenda kuokota kuni. Walipomwita bwana nyama, mama alikuwa amevunjika nyonga. Alipona, lakini hakutembea sawasawa tena. Mzee alimfuata mbogo yule kwa damu hadi alasiri, akammaliza. Kipande kile alikikuta chini ya ngozi, kimekwama juu ya mfupa. Kijana alikigeuza mkononi muda mrefu, asiseme kitu.

Najua msikilizaji mmoja ataniandikia kunikumbusha Walter Bell, yule Mskochi wa Karamoja aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Bell alipasua mafuvu ya tembo kujua ubongo umekaa wapi, akatumia vichwa vigumu, akasogea karibu. Aliyefanya kazi ya miaka hiyo anaweza kudai haki hiyo. Mgeni wa siku kumi hawezi.

Sasa, kwa nini .375 imedumu zaidi ya miaka mia? Baruti ya Waingereza ya wakati ule, kodaiti, ilikuwa na umbo la tambi, na tabia yake ilikuwa kuzidi nguvu kwenye joto. Risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Uingereza ingeweza kulibana ganda ndani ya bunduki mchana wa jua la huku kwetu, mbogo yuko hatua ishirini. Kwa hiyo mafundi wa London walitengeneza maganda makubwa kupita haja ili nguvu isizidi. Ganda la .375 ni refu, mabega yake yanateremka polepole, linaingia na kutoka bila kukwama. Kwa kuwa mabega hayo hayana pa kuegemea, walilivisha mkanda mdogo kitakoni. Wamarekani baadaye wakaliiga ganda hilo, wakalikata na kulipanua. Hiyo .300 ya kijana ni mjukuu wa .375.

Ile .458 nayo ni mjukuu, ila alibanwa tumboni. Winchester walitaka itoshe kwenye bunduki ya kawaida, ya bei nafuu kuliko ile mitutu miwili ya Waingereza. Idara nyingi za wanyamapori Afrika ziliinunua. Lakini ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa, na baada ya kukaa muda mrefu nyingine iligandamana, isiungue yote vizuri. Wawindaji walisikia mlio usio na nguvu, na kichwa kikashindwa kufika kilipotakiwa. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na mbogo huko Msumbiji mwaka 1959, aliamua kurefusha ganda hilo, na .458 Lott ikapatikana. Viwanda navyo vimebadili baruti tangu hapo, na .458 ya leo haina aibu ile.

Utaona basi kwamba ugomvi wote ulikuwa wa ujazaji. Huko Marekani na Afrika Kusini wapo watu wengi wanaojijazia wenyewe. Wanaokota maganda yao, wanayarudishia umbo kwa mashine ndogo ya mkono, wanatia fataki mpya, wanapima baruti kwa mizani inayoonyesha sehemu ya kumi ya greni, kisha wanakaza kichwa wanachokitaka. Wanafuata vitabu vya watengeneza baruti, wanaanzia chini ya kiwango na kupanda kidogo kidogo. Faida yake ni nafuu ya bei na shabaha. Hapa kwetu si kazi ya kufanyia uani: sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka leseni kwa anayetengeneza risasi.

Hata hivyo ujazaji wa mkono si mgeni pwani hii. Gobore ni nini kama si bunduki ya kujijazia? Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, magobore yakaachiwa. Hata askari wa Wajerumani waliopigana mjini humu Novemba 1914 wengi wao walikuwa na Mauser za muundo wa 1871, za milimita 11, zenye baruti nyeusi. Kila wakipiga, wingu la moshi liliwaonyesha walipo. Walishinda hata hivyo, na silaha za kisasa walizoziteka Tanga ziliwatosha kuvisha makampuni matatu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore upande wa Pangani, la kulindia mahindi na nguruwe. Baruti nyeusi aliipima kwa kipimo cha pembe. Baada ya vita ya pili, askari mmoja aliyerudi alimpa risasi kadhaa za .303. Babu akang'oa vichwa, akatoa zile tambi za kodaiti, akazikatakata, akajaza kipimo kilekile cha pembe. Hakujua kwamba baruti isiyo na moshi ina nguvu mara kadhaa ya ile nyeusi, wala kwamba mtutu wa gobore ni chuma laini. Mtutu ulipasuka karibu na mkono wake wa kushoto, ukaondoka na vidole viwili.

Nilipowasimulia barazani, mzee alisema katika kazi yake aliokota mitutu iliyopasuka hivyo zaidi ya mara moja, na si yote ya zamani. Wapo hata sasa wanaotoa baruti kwenye risasi za kisasa na kuijaza gobore. Kama unamjua mmoja, mwambie habari ya babu yangu. Kipimo chake cha pembe ninacho mpaka leo kabatini, na alama aliyoichonga kwa ndani ni ya baruti nyeusi tu.