Geji ya Turbo na Sifuri ya Bahari

Jioni za mwisho wa wiki, ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, hujaa magari yaliyoelekezwa baharini, wenyewe wakila mihogo ya kukaanga huku wakitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Katika meli hizo zimo zinazoleta magari ya mitumba kutoka Japani, na baadhi yake yana turbo: Subaru za petroli, pikapu na vani za dizeli. Mwenye gari la aina hiyo akitaka kujua hali ya turbo yake hununua geji, na mara nyingi huichagua kwa macho tu, kwa taa na rangi yake. Swali la kumwuliza muuzaji kwanza ni hili: sifuri ya geji hii inaanzia wapi?

Hewa ina uzito. Kwenye usawa wa bahari presha yake ni takriban kilopaskali 101, yaani bar 1 na ushei. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hushuka hadi karibu 83. Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, hutumia moshi wa ekzosi kuzungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Geji huonyesha ziada hiyo, na ziada lazima iwe juu ya kitu fulani.

Geji ya mshale inayoletewa presha kwa bomba la mpira hutumia kanuni ya Mfaransa Eugène Bourdon ya mwaka 1849. Ndani mna bomba bapa la metali, limepindwa. Presha ikiingia, bomba hujaribu kunyooka na kuvuta mshale. Kwa kuwa nje ya bomba hilo ni hewa ya kawaida, sifuri yake hufuata mahali ulipo. Geji ya umeme hutegemea sensa yenye utando mwembamba wa silikoni. Nyuma ya utando huo pakiwa wazi, inapima kama ile ya mshale. Pakiwa pamefungwa bila hewa kabisa, inapima presha yote, kisha lazima itoe ile ya nje ili ipate ziada.

Hapo ndipo geji nyingi hukosea. Baadhi yake, pamoja na programu kadhaa za simu, huondoa 101 siku zote, popote zilipo. Mama Ngina, injini ikiwa imezimwa, zitasoma sifuri safi na kila mtu atazisifu. Panda nazo Nairobi, zima injini, zitaonyesha bar 0.18 chini ya sifuri, na kila kipimo cha turbo kitapungua kwa kiasi hichohicho.

Kwa anayetumia sensa ya presha yote, ufuo huu ni maabara ya bure. Washa swichi bila kupiga stata, usome namba: iwe karibu 101. Presha ya hewa ya pwani nayo hupanda kidogo mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka alasiri na alfajiri, lakini tofauti hiyo ni chini ya nusu kilopaskali, na geji ya gari haiwezi kuiona. Sensa ikisoma 95 hapa, ina kasoro.

Sifuri sahihi peke yake haitoshi. Geji ya bar 3 yenye kosa la asilimia 2 ya kipimo chote yaweza kupotoka bar 0.06 popote; turbo yako ikisukuma bar 0.6, hiyo ni sehemu ya kumi nzima. Ndiyo maana naona ni makosa kununua geji ya bar 3 kwa injini ambayo haivuki bar 1. Soma vipimo pia: geji nyingi za Kijapani huandikwa ×100 kPa, ambayo ni bar ileile, na psi 14.5 ni bar 1.

Kabla ya kuifunga kwenye dashibodi, mwombe fundi aiunganishe kwa kiungo cha T na geji ya gereji anayoiamini, kisha apandishe presha kwa pampu ya mkono hadi 0.5, hadi 1, na kuishusha polepole. Mshale ukisoma tofauti wakati wa kupanda na wa kushuka, irudishe dukani. Usikubali atumie kompresa ya matairi, yaweza kuivunja. Na kama safari zako ni za Nairobi mara kwa mara, nunua ile ambayo sifuri yake hufuata hewa ya mahali ulipo.