Nyama Inapogoma Kushuka

Karamu ya nyama ina heshima yake mjini Moshi. Mlaji aliyeketi katika hoteli ya kifahari mbele ya steki nene, na mwenzake anayesubiri nyama choma na ndizi pembeni mwa barabara, wote hutarajia kufurahi. Hata hivyo, wapo wanaoinuka mezani wamenuna. Tonge la pili limekwama kifuani, maji hayakusaidia, na sahani imerudi jikoni ikiwa imejaa. Lawama humwangukia mpishi: nyama ilikuwa ngumu, haikuiva.

Huenda mpishi hana kosa. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mrija wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, nao hutanuka kulipisha tonge. Unapobanwa na kovu, uvimbe au saratani, chakula kigumu ndicho hukwama kwanza, na nyama hutangulia. Ugonjwa ukiendelea, hufuata ugali, kisha vyakula laini, na mwisho hata maji.

Hapo ndipo mlo wetu wa Kilimanjaro unapoweza kuuficha ugonjwa. Anayeshindwa nyama huhamia kwenye mtori, kisha uji, na nyumbani hakuna anayeshtuka, kwa kuwa mtori ni chakula kinachopendwa. Mwili unapokonda na watu kuanza kuuliza, miezi imekwisha kupita na matumaini ya kupona yamepungua.

Si kila tonge linalokwama ni saratani, lakini kwetu dalili hii haipaswi kupuuzwa. Saratani ya umio imeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo. Tumbaku na pombe huongeza hatari. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kuwa kunywa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda kukasababisha saratani hiyo. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima walianza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Chai ya maziwa, ambayo hupoa polepole, ilinywewa ikiwa ya moto zaidi. Kukiacha kikombe kipoe hakugharimu hata shilingi.

Mhudumu wa afya anapompokea mgonjwa anayelalamikia vidonda vya tumbo, amuulize swali moja zaidi: je, nyama inashuka vizuri? Ambaye chakula humkwama mara kwa mara apewe rufaa ya kipimo cha endoskopia, asirudishwe nyumbani na dawa za kupunguza asidi pekee.

Nawe mlaji, tonge likikwama, acha kula. Usilisukume kwa tonge jingine. Usinywe utomvu wa papai kwa sababu tu hulainisha nyama jikoni. Unaweza kuujeruhi umio. Ukishindwa kumeza hata mate, nenda hospitali usiku huohuo. Mtu mzima asiyeweza kupumua, kusema wala kukohoa hana muda wa kusubiri gari: apigwe kwa nguvu mara tano mgongoni kati ya mabega, kisha abanwe tumbo juu ya kitovu mara tano, na kurudia hadi kipande kitoke, huku mwingine akiita msaada.

Na hata tonge likishuka lenyewe, usiishie kuihama hoteli. Nenda ukapimwe.