Barua Pepe Kutoka Ng'ambo ya Ziwa: Kwa Nini Herufi Huvurugika?

Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Barua ya kikazi ifikayo Kigoma kutoka Bujumbura au Kalemie yaweza kuwa imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo baadhi ya herufi zake hubeba alama. Neno pêche lina maana ya uvuvi. Péché ni dhambi. Barua pepe ikifunguliwa, huenda neno la kwanza likaonekana hivi: pêche. Je, herufi zimeharibika safarini? Mara nyingi sivyo. Zimefika salama, ila zimesomwa kwa ufunguo usio wake.

Kompyuta haihifadhi herufi, bali namba. Jedwali la ASCII, lililotolewa kwanza Marekani mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Herufi za Kiswahili zote zimo, na ndiyo sababu maneno dagaa, migebuka na Ujiji hayapati taabu. Herufi ê haimo. Kwa hiyo yalitungwa majedwali mengine mengi, kila moja likizipa namba 128 hadi 255 herufi zake lenyewe. Katika jedwali la Windows-1252, ê ni 234. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, ambayo huziacha namba za ASCII kama zilivyo, na kuziandika herufi nyingine kwa baiti mbili hadi nne. Humo ê huwa baiti mbili: 195 na 170. Programu ikizisoma baiti hizo kwa Windows-1252, 195 huwa Ã na 170 huwa ª. Ndipo tunapopata pêche.

Wasomi wa zamani wa Kiswahili wangelielewa jambo hili. Walipoandika kwa hati za Kiarabu, herufi moja ya ba iliweza kusimama mahali pa b, p au mb, na msomaji alitambua kwa kuijua lugha. Mashine haina busara hiyo. Hapana budi iambiwe. Ndiyo maana kichwa cha barua pepe hutaja jedwali lililotumika. Jina hilo likikosekana au likiwa si sahihi, mpokeaji hubahatisha.

Hata Kiswahili hakijasalimika kabisa. Programu nyingi hubadili alama iliyonyooka katika neno ng'ambo kuwa alama iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Neno hilo likisomwa kwa ufunguo mwingine huwa ng’ambo.

Kabla ya kutibu, yafaa kutambua ugonjwa. Dalili ni za aina tatu.

Kwanza, zikionekana alama kama ê, jedwali limekosewa. Chagua UTF-8 katika programu ya kusomea, na maandishi yatarejea.

Pili, likionekana p=C3=AAche, ujumbe haujafunguliwa kutoka katika kifungashio chake. Njia za awali za barua pepe zilipitisha namba za ASCII tu. Kwa hiyo kanuni za MIME za mwaka 1992 ziliruhusu baiti nyingine ziandikwe kwa kizio cha 16. C3 ni 12 × 16 + 3, yaani 195; AA ni 10 × 16 + 10, yaani 170.

Tatu, ikionekana p?che, na alama ya kuuliza imo ndani ya faili lenyewe, namba ya asili imekwisha kufutwa. Hapo hakuna dawa ila kumwomba mwandishi atume upya.

Kwa sababu hiyo, usiharakishe kusahihisha kwa mkono wala kuhifadhi upya ujumbe uliovurugika. Tunza kwanza nakala yake kama ilivyofika. Anayefuta alama zote na kubakiza peche hatajua tena kama aliandikiwa habari za uvuvi au za dhambi.

Kazi ya darasani: andika pêche, péché na ng’ambo, ukitumia alama iliyopinda. Hifadhi kwa UTF-8, kisha fungua faili kwa Windows-1252 katika programu inayokuruhusu kuchagua jedwali. Hesabu alama ulizoziona, na ueleze kila moja imetokana na baiti ipi.