Treni ya Mtoto Ikisimama, Usiongeze Umeme



Goma haina reli. Hata hivyo treni ndogo za umeme, zile za kuchezea zinazotoka Ulaya pamoja na vitu vingine vya mtumba, zinaonekana mezani katika nyumba kadhaa za Murara. Ni mchezo mzuri. Mtoto anajifunza, na baba pia. Lakini zina ugonjwa mmoja: treni inakwenda, inasita, inasimama, mtoto anaisukuma kwa kidole, inaruka tena. Mwenzetu mmoja wa karakana alichoka na mambo hayo. Akaondoa transfoma, akapeleka nyaya mbili za reli moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani. Alifika dispanseri vidole vitatu vimeungua. Bahati nzuri mtoto alikuwa ametumwa dukani, maana reli zile ni chuma kitupu, na zilikuwa na volti 220.

Alidhani umeme ni kidogo. Umeme ulitosha, ila haukufika kwenye mota.

Tazameni unavyosafiri. Transfoma inapokea volti 220 za nyumba, inatoa kwa kawaida volti 12. Waya mmoja unakwenda kwenye reli ya kushoto, mwingine kwenye reli ya kulia. Magurudumu ya chuma yanauchukua umeme huo, na vibati vyembamba vya shaba vinavyoyagusa kwa ndani vinaupeleka kwenye mota. Unaingia upande mmoja, unarudi upande wa pili. Treni kubwa za Katanga hazikuwa mbali na hapo: njia ya Likasi, wakati ule Jadotville, hadi Tenke ilipowekewa umeme mwaka 1952, mashini zilichukua umeme kwenye waya wa juu, lakini ulirudi kwa kupitia magurudumu na reli. Tofauti ni uzito. Mashini ya tani nyingi inaponda uchafu ulio chini yake. Ile ya mezani ina gramu mia chache tu, haipondi kitu.

Na uchafu kwetu haukosekani. Vumbi la makoro, mawe meusi ya Nyiragongo, linaingia kila chumba. Lina chembe ambazo sumaku inazivuta, na ndani ya mota mna sumaku. Asiyeamini apitishe sumaku juu ya vumbi la uani. Likichanganyika na mafuta ya mashini na moshi wa mbabula, linafanya ukoko mweusi kwenye magurudumu. Hapo umeme unaruka kwa cheche, na kila cheche inaacha masizi mengine. Ukiongeza volti unaongeza cheche. Halafu gurudumu likipata mahali safi, treni inachomoka na kuanguka sakafuni, au mota inaungua.

Basi, dawa ni kusafisha. Chomoeni transfoma kwanza. Panguseni reli na magurudumu kwa kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo alkoli ya famasi. Msasa msitumie: unaacha mikwaruzo, na uchafu unajificha humo. Alkoli inawaka upesi, kwa hiyo mbabula iwe nje, madirisha wazi, na umeme usirudishwe mpaka vyote vikauke. Kisha angalieni vibati. Kama kimoja hakigusi gurudumu, kipindeni polepole kwa ncha ya kijiti. Kikibana mno, kinafunga gurudumu kama breki. Magurudumu yenye pete ya mpira hayachukui umeme hata yakiwa safi. Fundi mzuri anaweza kuongeza vibati kwenye magurudumu mengine, kwa kuwa mashini inayochukua umeme kwa magurudumu mengi haisimami ovyo. Anaweza pia kulehemu nyaya mbili zaidi kwenye reli za upande wa mbali, kwa sababu viungo vya reli vikilegea umeme unapungua njiani. Risasi ya kulehemu ni sumu: watoto wakae mbali, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Skrubu ndogo nazo ziwekwe kwenye kikopo; nimekwisha kuona moja ikitolewa puani mwa mtoto wa miaka miwili.

Transfoma yenyewe isifunguliwe kamwe. Ikinuka kuungua, itupwe.

Mtu akishikwa na umeme, msimguse. Zimeni swichi kubwa kwenye kompta. Ikishindikana, simameni mahali pakavu, mumtenge na waya kwa mti mkavu. Asipopumua, mmoja aanze mara moja kumbana kifua na kumpulizia pumzi, mwingine akimbie kuita msaada. Aliyeungua, mkono wake uwekwe chini ya maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno. Hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya mahindi, aje dispanseri siku ile ile, kwa kuwa umeme huunguza ndani kuliko nje.