UPINDE JUU YA NOTI

Tazama kitabu cha nyimbo chenye noti. Juu ya noti, au chini yake, utaona mara nyingi mstari mwembamba uliopindwa kama upinde. Mstari huo si pambo. Una kazi mbili, na mwimbaji asiyezijua huharibu wimbo.

Kazi ya kwanza ni kuunga. Upinde ukishika noti mbili zinazofuatana zenye sauti moja, kwa mfano sol na sol, noti hizo huwa noti moja ndefu. Ya kwanza huimbwa. Ya pili haianzwi upya, bali sauti huendelea mpaka mapigo yake yaishe. Ukifunga vipande viwili vya kamba kwa fundo, unapata kamba moja ndefu. Ndivyo ilivyo hapa. Noti nyeupe ina mapigo 2, noti nyeusi ina pigo 1. Zikiungwa, mwimbaji hushika sauti mapigo 3. Mtunzi hufanya hivyo hasa pale sauti inapovuka mstari wa kusimama unaogawa vipimo vya wimbo.

Kazi ya pili ni kufuatanisha. Upinde ukishika noti zenye sauti mbalimbali, noti hizo huimbwa kwa silabi moja, bila kukata sauti wala kuvuta pumzi katikati. Neno «Maria» lina silabi tatu: Ma-ri-a. Tuseme noti zake ni nne: do, re, mi, re, na upinde umeshika re ya kwanza na mi. Basi «Ma» huimbwa kwa do, «ri» kwa re na mi, «a» kwa re ya mwisho. Asiyeuona upinde atamaliza neno kwenye mi, na noti moja itabaki bila silabi. Atanyakua silabi ya neno linalofuata, na toka hapo maneno yake hayatapatana na ya wenzake.

Utatofautishaje? Angalia vichwa vya noti. Vikiwa viwili mahali pamoja, unga. Vikipanda au kushuka, fuatanisha.

Vitabu vingine huandika noti kwa herufi: d, r, m. Humo kistari kati ya herufi huonyesha sauti inayoendelea, na mstari chini ya herufi huonyesha noti za silabi moja. Alama ni nyingine, maana ni ile ile.

Karibu mwaka 1025 mmonaki Guido wa Arezzo, katika nchi ya Italia, alifundisha kuandika noti kwenye mistari, ili waimbaji waweze kujifunza wimbo wasiousikia bado. Faida hiyo ipo hata leo. Kutoka Butembo hadi Beni ni zaidi ya kilometa 50. Wimbo uliotungwa Butembo waweza kufika Beni kwenye karatasi tu, na mtunzi hayupo wa kuulizwa. Kwaya za miji hiyo miwili zikikutana, zitaimba kwa sauti moja ikiwa kila mwimbaji ametii upinde mdogo ule.

MASWALI
1. Noti mbili nyeupe za sauti moja zimeshikwa na upinde. Utashika sauti mapigo mangapi?
2. Upinde umeshika fa na la. Utaimba silabi ngapi?
3. Kwa nini haifai kuvuta pumzi chini ya upinde?