Fosfeti: Madini ya Mifupa Yanapozidi Damuni

Dagaa wanaoanikwa kwenye fukwe za Tanga na Pangani huliwa wazima: kichwa, nyama na mifupa. Ni chakula cha kujenga mwili. Lakini mgonjwa wa figo huambiwa awapunguze, na sababu mojawapo ni fosfeti, yaani umbo la madini ya fosforasi lililomo mwilini na kwenye chakula.

Takriban asilimia 85 ya fosforasi mwilini imo kwenye mifupa na meno. Katika damu ya mtu mzima mwenye afya, fosfeti huwa kati ya miligramu 2.5 na 4.5 kwa desilita. Ikizidi, figo huitoa kwa mkojo.

Figo zikishindwa, ziada hubaki. Tezi ndogo za shingoni humwaga homoni ya kuzihimiza figo ziitoe, lakini homoni hiyohiyo hubomoa mifupa. Fosfeti nayo huungana na kalsiamu, yaani madini ya chokaa, na kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu. Aliyeingia Mapango ya Amboni huko Tanga ameona maji yalivyojenga mawe tone kwa tone. Mishipa hukakamaa polepole vivyo hivyo, na moyo huelemewa. Ngozi kuwasha na mifupa kuuma huja baadaye, kwa hiyo kinachotangulia kusema ukweli ni kipimo cha damu.

Vyakula navyo havilingani. Fosfeti nyingi ya maharage imefungwa ndani ya punje, na utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kutosha kuifungua. Sehemu kubwa hupita tu. Ile inayoongezwa kiwandani kwenye soda nyeusi za kola na soseji hufyonzwa karibu yote. Basi kabla ya kumnyima mgonjwa maharage, mwondolee kwanza chupa ya kola. Kipande cha samaki aina ya changu pia ni nafuu kuliko dagaa, kwa kuwa mifupa hubaki sahanini.

Vidonge vya kunasa fosfeti hufanya kazi tumboni, vikikutana na chakula. Vimezwe pamoja na mlo. Vikimezwa tumbo likiwa tupu havina cha kunasa. Kusafisha damu kwa mashine huondoa sehemu tu ya fosfeti, hivyo mlo na vidonge vinabaki muhimu. Wala mgonjwa asijinyime protini kwa hofu. Apange kiasi chake na daktari au mtaalamu wa lishe.

Kisukari na shinikizo la damu ndivyo viharibifu vikuu vya figo. Ukiwa na kimojawapo, omba kupimwa mkojo na damu mapema, figo zikiwa bado na nguvu ya kujitetea.