BARABARA YA MOTOKAA ILIYOGEUKA NJIA YA BAISKELI

Barabara ya zamani isipuuzwe. Nayo ina historia, na historia yake inafundisha. Leo tutaeleza habari za barabara moja ya Marekani, katika kisiwa cha Long Island kilicho kando ya jiji la New York. Ilianza kutumika mwaka 1908. Ni moja ya barabara za kwanza kabisa duniani kujengwa kwa ajili ya motokaa peke yake. Mikokoteni ya farasi haikuruhusiwa.

Kwa nini ilijengwa?

Siku hizo motokaa zilikuwa chache, na wenye nazo ni matajiri. Mmoja wao ni William K. Vanderbilt, wa ukoo uliotajirika kwa reli. Bwana huyu alipenda sana mbio. Mwaka 1904 alianzisha mashindano ya motokaa katika barabara za kawaida za kisiwa hicho, zenye vumbi tele. Watazamaji walijaa mpaka barabarani. Mwaka 1906 mmoja wao aligongwa akafa. Basi Vanderbilt na wenzake wakaunda kampuni, wakajenga barabara yao wenyewe.

Ilijengwaje?

Walitumia zege lenye chuma ndani. Ilipokutana na barabara nyingine walijenga daraja: huyu apite juu, yule apite chini, hakuna kugongana. Pale ilipokata shamba la mtu katikati, baadhi ya wakulima walijengewa daraja wapate kuvuka na mazao yao. Mwishowe ilifika urefu wa kilomita 72 hivi, mpaka ziwa la Ronkonkoma.

Kwa nini ilikufa?

Mbio hazikudumu. Mwaka 1910 watu walikufa tena, mashindano yakakoma pale. Barabara ikabaki kutegemea ushuru. Mwanzoni kila gari lilitozwa dola 2. Kwa kibarua wa siku hizo, hiyo ilikaribia ujira wa siku nzima!

Halafu magari yakawa mengi, tena ya mwendo wa kasi. Barabara ile ilikuwa nyembamba, yenye kona kali. Miaka ya 1930 serikali ya jimbo ikajenga nyingine karibu yake, pana, isiyo na ushuru. Nani angelipa tena? Kampuni ilishusha ushuru mpaka senti 40, lakini wapi! Watu walikwisha hama. Kodi nayo ikawashinda. Mwaka 1938 wakaifunga na kuikabidhi serikali.

Kilichobaki

Tukianzia upande wa jiji, katika eneo la Queens, tunakuta kipande cha kilomita 4 hivi kati ya bustani mbili za umma. Tangu mwaka ule ule wa 1938 ni njia ya baiskeli na ya watembea kwa miguu. Madaraja ya zamani bado yapo, na kandokando zimo nguzo fupi za zege.

Tukiendelea mashariki, nyumba zimejengwa juu yake, na mahali pengine zimepita nyaya za umeme. Katika mji wa Garden City imebaki nyumba ya mtoza ushuru. Mwaka 1989 ilihamishwa kutoka mahali pake pa zamani ili isibomolewe. Mbele zaidi, kipande cha kufika Ronkonkoma bado ni barabara ya magari. Hakuna ushuru, na jina la Vanderbilt bado linatumika.

Tunajifunza nini?

Barabara ya wachache ilidumu miaka 30 tu. Vipande vilivyosalia ni vile vilivyopata kazi kwa watu wote. Kitu kikitumika, hutunzwa. Kisipotumika, majani hukila.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kijijini kwenu kuna barabara au daraja la zamani? Nani alilijenga, na kwa faida ya nani?
2. Wazee wanakumbuka nini? Waulizeni, mkaandike kwenye daftari. Kusoma na kuandika tumejifunza kwa kazi kama hii.
3. Barabara mnayoitumia sasa, nani anazibua mitaro yake?